Shilingi ya Mwalimu wa Mandera na Shilingi ya Mwenye Milioni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba wake.

Katika familia nyingi za Kiislamu nchini Kenya mna mwalimu, muuguzi au afisa wa serikali anayefanya kazi Garissa, Wajir, Mandera, Tana River au Lamu. Kila mwisho wa mwezi, chini ya mshahara wake wa msingi, huandikwa marupurupu ya mazingira magumu. Fedha hizo ndizo zinazonunua maji wakati wa kiangazi, zinazolipa nauli ya safari ndefu ya kurudi kwao, na zinazoendesha nyumba mbili: ile anamolala yeye na ile walimo wazee na watoto wake.

Mwaka 2025 marupurupu hayo yalizusha mjadala mkali, pale serikali ilipotaka kuipanga upya orodha ya maeneo yanayostahiki, na vyama vya walimu vikapinga. Mjadala wa nani abaki katika orodha na nani atolewe ni wa haki. Hata hivyo, liko swali jingine ambalo familia zetu zinapaswa kulitazama: je, ni haki marupurupu yenyewe kutozwa ushuru?

Hesabu ilivyo

Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza viwango viwili vya ushuru wa mapato kwa wenye mishahara mikubwa. Kabla yake kiwango cha juu kilikuwa asilimia 30. Tangu Julai 2023, kwa hesabu ya mwezi, shilingi 24,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10. Zinazofuata hadi 32,333 asilimia 25. Kutoka hapo hadi 500,000 asilimia 30. Kutoka hapo hadi 800,000 asilimia 32.5, na zinazozidi 800,000 asilimia 35. Kisha kila mlipaji hupunguziwa shilingi 2,400.

Wengi hudhani kwamba mwenye mapato ya milioni moja hukatwa asilimia 35 ya milioni nzima. Sivyo. Ushuru huu hupanda kwa ngazi, na kila kiwango hugusa fedha zilizo katika ngazi yake tu. Mtu huyo aliongezewa asilimia 2.5 juu ya shilingi 300,000, yaani 7,500, na asilimia 5 juu ya shilingi 200,000, yaani 10,000. Jumla ya nyongeza yake ni shilingi 17,500 kwa mwezi.

Sasa tumtazame mwalimu. Tuchukue mfano wa mwenye mapato ya shilingi 40,000 yanayotozwa ushuru, anayepewa juu yake shilingi 10,000 za mazingira magumu. Kwa kuwa amekwisha kuipita ngazi ya 32,333, shilingi zote 10,000 huangukia katika asilimia 30. Serikali humpa 10,000 na papo hapo huchukua 3,000, mbali na makato mengine. Walimu sita wa namna hiyo hukatwa shilingi 18,000 katika marupurupu peke yake, nazo zinazidi nyongeza yote aliyowekewa mwenye milioni.

Kwa maneno mengine, shilingi ya dhiki hukatwa senti 30, na shilingi ya juu kabisa ya tajiri hukatwa senti 35. Tofauti ni senti tano. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 201, inataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Hatuoni kwamba senti tano zinatosha kuitwa haki.

Mafunzo ya Sayyidna Umar

Jambo la kuwalipa watumishi wanaotumwa mbali si geni katika historia yetu. Kadhi Abu Yusuf, katika Kitab al-Kharaj alichomwandikia Khalifa Harun al-Rashid, anasimulia jinsi Sayyidna Umar (r.a.) alivyowatuma maswahaba watatu Kufa: Ammar bin Yasir kwa uongozi wa Swala na jeshi, Abdullah bin Masud kwa ukadhi na baitul-mali, na Uthman bin Hunaif kwa kupima ardhi. Aliwawekea kondoo mmoja kwa siku: nusu ya Ammar, na robo robo ya wenzake. Kisha akatahadharisha kwamba nchi inayochukuliwa kondoo kila siku haikawii kuharibika.

Kisa hiki kina pande mbili. Mtumishi aliyetumwa apewe kinachomtosha, asije akaunyoosha mkono wake kwa raia. Na raia asibebeshwe zaidi ya uwezo wake. Qur'ani nayo, katika Suratul-Hashr, inatufundisha kwamba mali haifai kuzunguka baina ya matajiri peke yao.

Gharama isiyohesabika

Ugumu wa maeneo haya si jua na vumbi tu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na baadaye Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Waliobaki bila wa kuwafundisha ni watoto wetu. Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera liliposhambuliwa, mwalimu Salah Farah alipigwa risasi baada ya abiria Waislamu kukataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Alifariki Januari 2016, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tunalopendekeza

Tunapendekeza marupurupu ya mazingira magumu yasamehewe ushuru wa mapato. Wako watakaosema kwamba kila mtumishi atadai msamaha kama huo, na waajiri wataanza kuuficha mshahara ndani ya marupurupu. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kuuwekea msamaha mipaka: uwahusu tu wanaofanya kazi katika maeneo yaliyotambuliwa rasmi, na kwa kiasi kisichozidi kilichopangwa na serikali. Pengo litakalotokea lizibwe na ngazi za juu.

Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Kamati za misikiti, vyama vya wazazi na walimu wenyewe waandike maoni yao kwa Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa, wakiambatanisha hesabu kama hizi.

Kwa upande wetu, Mwislamu aliyeruzukiwa mshahara mkubwa asitafute njia za hila za kuukwepa ushuru, wala asidhani kwamba ushuru umemwondolea zaka. Hizo ni faradhi ya Mola wake na zina watu wake. Wazazi wa kaskazini na pwani wawahimize vijana wao kusomea ualimu na uuguzi, ili shule na zahanati zetu zisitegemee wageni peke yao. Na mgeni anayekuja kuwafundisha watoto wetu, awe Mwislamu au si Mwislamu, tumpe makazi ya heshima na tumlinde. Yeye ni amana kwetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde watumishi wote walio mbali na jamaa zao, na awaongoze viongozi wetu katika uadilifu. Amin.