Je, Yafaa Kumtia Panya Maradhi ya Jicho?

Kutoka Kaisho tumeulizwa: ni halali kumtia mnyama maradhi ili itafutwe tiba ya mwanadamu?

Tuanze na maradhi yenyewe. Allah ameujaalia mwili askari wa kuulinda. Mara nyingine askari hao hulidhania jicho kuwa adui, wakalishambulia. Likavimba kwa ndani na hata kupofuka. Kile wanachokilenga huitwa antijeni. Daktari asipokijua, hulazimika kuidhoofisha kinga yote ya mgonjwa, na hilo lina madhara yake.

Retina ya mtu mzima wa afya haikatwi kwa majaribio. Mwaka 1977 Wacker na wenzake walitenga protini kutoka retina ya ng'ombe, wakaonyesha kwamba simbilisi wakidungwa protini hiyo macho yao huvimba. Baadaye ilijulikana kuwa ni arestini, inayofanya kazi katika kuona. Lakini kinachomdhuru simbilisi si lazima kiwe ndicho kinachomdhuru mtu. Watafiti wenyewe hulikiri hilo.

Mfano wa karibu nasi ni usubi, unaoenezwa na inzi weusi wadogo wa mito iendayo kasi, na ambao hapa Tanzania unafahamika sana Mahenge. Mnyoo wake ana protini iitwayo Ov39, inayofanana na hr44 iliyomo katika retina ya mwanadamu. Panya waliodungwa protini hizo walipata madhara ya macho, ingawa hawakuwa na mnyoo hata mmoja! Hapo ikaonekana kwamba huenda kinga iliyoamshwa na mnyoo ikaligeukia jicho.

Ama hukumu, Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa. Tena Muslim amepokea kwa Shaddad bin Aws amri ya kufanya ihsani katika kila jambo, hata kuchinja. Kwa hiyo kumtesa mnyama kwa mchezo ni haramu. Tunaloliona sisi ni kwamba jaribio hujuzu pakiwa na haja ya kweli isiyo na njia nyingine, mnyama akapewa ganzi, chakula na maji, na idadi isizidi inayohitajika. Jicho la ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa halina mjadala. Na mgonjwa aliyeandikiwa dawa iliyopatikana kwa njia hiyo aitumie. Dhambi ya mtafiti aliyevuka mipaka haimwandami yeye.