AutoLISP: lugha ya mabano ndani ya AutoCAD

Je, wajua kwamba mchoraji ramani anayetumia AutoCAD, programu ya kuchora michoro ya kiufundi, ana lugha nzima ya kompyuta mbele yake, na kwamba ukoo wa lugha hiyo unaanzia kwenye utafiti wa akili bandia wa mwaka 1958? Mwaka huo John McCarthy, akiwa chuo cha MIT nchini Marekani, alianza kubuni Lisp. Lugha nyingi za rika lake zimebaki kwenye vitabu vya historia. Lisp imezaa watoto, na mmoja wao, AutoLISP, leo anaweka namba za vyumba, anahesabu milango na kupanga bikoni za viwanja.

AutoCAD ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza Novemba 1982, kwenye maonyesho ya COMDEX jijini Las Vegas. Ilichora vizuri, ila kila ofisi ilikuwa na lake: mtu wa mabomba alitaka hiki, mtu wa barabara kile. Autodesk, kampuni inayoitengeneza, hawangeweza kumridhisha kila mmoja, kwa hiyo wakaweka lugha ndani ya programu ili mteja ajitengenezee amri anazozitaka. Januari 1986, katika toleo la 2.18, AutoLISP ilikuwa imekamilika. Ilijengwa juu ya XLISP, kazi ya David Betz. Lisp ilifaa kwa sababu ina kanuni chache na injini yake ni ndogo; kompyuta za ofisini za wakati ule, zilizotumia DOS, zilikuwa zinabanana ndani ya kilobaiti 640 za kumbukumbu.

Kuna njia nyepesi kuliko hiyo, nayo ni faili la skripti lenye kiambishi .scr. Ndani yake unaandika amri kama unavyozichapa kwenye kibodi, na AutoCAD inazisoma moja baada ya nyingine. Inafaa kwa kazi isiyobadilika, kama kusafisha michoro mingi kwa amri ya PURGE. Lakini skripti haiwezi kuamua jambo, na kila nafasi tupu ndani yake inahesabiwa kuwa umebonyeza Enter. Nafasi moja iliyozidi inatosha kuvuruga kila kinachofuata.

AutoLISP haihitaji hata faili ili uionje. Kwenye mstari wa amri wa AutoCAD, pale unapoandika LINE au CIRCLE, andika (+ 2 3) kisha Enter. Jibu ni 5. Alama ya kitendo inatangulia, vinavyotendewa vinafuata, na vyote vinafungwa kwa mabano. Sarufi yenyewe karibu inaishia hapo. Ukisahau kufunga bano, AutoCAD itakaa ikikusubiri huku ikionyesha (_>, na wengi hudhani imeganda. Ongeza bano la kufunga, au bonyeza Esc uanze upya.

Kwa maoni yangu, kilichoifanya lugha hii idumu si ujanja wake bali ni namna inavyoitazama nukta. Kwa AutoLISP nukta ni orodha ya namba tatu: (4.0 7.5 0.0). Ukitaka x unaomba car, ukitaka y unaomba cadr, ukitaka z unaomba caddr. Majina hayo ya ajabu yametoka kwenye mashine ya IBM 704 ya miaka ya 1950, na huna haja ya kujua zaidi. Mchoraji tayari anafikiri kwa nukta na amri. Hapa anaviandika tu.

Chukua kazi ya kuweka bikoni kwenye ramani ya upimaji: duara dogo, na pembeni namba yake. Kwa mkono ni amri mbili na mibonyezo kadhaa kwa kila bikoni, na kiwanja chenye pembe nyingi kinachosha. Fungua Notepad, andika hivi, kisha hifadhi kwa jina bikoni.lsp (hakikisha Notepad haijakuongezea .txt mwishoni):

(defun c:BIKONI ( / p jina)
  (setq p (getpoint "\nBonyeza mahali pa bikoni: "))
  (setq jina (getstring T "\nNamba ya bikoni: "))
  (command "_.CIRCLE" "_non" p 0.5)
  (command "_.TEXT" "_non" (polar p (/ pi 4) 1.0) 1.0 0 jina)
  (princ)
)

Ndani ya AutoCAD andika APPLOAD, chagua faili hilo, kisha andika BIKONI. Sasa una amri ambayo Autodesk hawakuitengeneza, na inakuuliza kwa Kiswahili, ingawa AutoCAD yenyewe haitolewi kwa lugha hiyo. Ukiipenda, iweke kwenye Startup Suite palepale ndani ya APPLOAD, nayo itapakiwa kila siku bila kuitwa.

Tuisome. Neno defun linatangaza kitendo kipya, na c: iliyotangulia jina ndiyo inayokifanya kiwe amri ya kuchapwa kama amri nyingine. Vilivyo baada ya mkwaju, p na jina, ni vya humo ndani tu; usipoviandika hapo vitabaki hai baada ya kazi kwisha na siku moja vitagongana na p ya mtu mwingine. Kazi ya setq ni kuweka thamani kwenye jina. getpoint inamngoja mtumiaji abonyeze mahali. T kwenye getstring inaruhusu nafasi ndani ya jibu, la sivyo ukiandika BK 12 utabaki na BK. Kistari cha chini kabla ya amri kinasema jina hili ni la Kiingereza hata kama AutoCAD iliyopo ni ya Kifaransa, na nukta inataka amri ya asili, hata kama kuna aliyeibadilisha. Ile princ ya mwisho inazuia neno nil lisichapwe bure kwenye skrini.

_non ndiyo yenye faida kubwa kuliko inavyoonekana. Usipoiweka, na osnap (unasaji wa nukta za vitu vilivyochorwa) imewashwa, AutoCAD inaweza kuvuta nukta yako hadi ncha ya mstari ulio jirani. Bikoni inakaa pasipo pake, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Katika ramani ya kiwanja hilo si dogo.

TEXT nayo ina mtego wake. Kama mtindo wa maandishi unaotumika una kimo kilichowekwa tayari, amri hiyo haiulizi kimo. Ile 1.0 tuliyoiandika kama kimo inachukuliwa kuwa pembe, 0 inakuwa maandishi, na namba ya bikoni inatupwa kwenye mstari wa amri kama amri isiyojulikana. Ukiona sifuri zimejaa kwenye ramani yako, angalia STYLE kabla hujalaumu mabano.

Hesabu pia zina tabia zake. (/ 7 2) inatoa 3, kwa kuwa namba nzima kwa namba nzima huzaa namba nzima; andika (/ 7.0 2) upate 3.5. Pembe zinahesabiwa kwa radiani, kinyume cha mwendo wa saa kuanzia mashariki, ndiyo maana ndani ya polar, inayopata mahali pa kuandika namba pembeni ya bikoni, nyuzi 45 zimeandikwa (/ pi 4).

Urahisi huu wa kupakia faili uliwahi kuwaponza watu. Mwaka 2012 kampuni ya usalama ya ESET ilifichua programu hasidi iliyopewa jina ACAD/Medre.A, iliyoandikwa kwa AutoLISP. Ilitumia tabia ya AutoCAD ya kupakia faili fulani yenyewe inapofunguliwa, kisha ikatuma michoro ya watu kwenye anwani za barua pepe zilizosajiliwa China. Maelfu kwa maelfu ya michoro ilivuja, mingi ikitoka Peru. AutoCAD 2014 ilikuja na SECURELOAD, inayokuuliza kabla ya kupakia faili lililo nje ya folda unazoziamini. Onyo hilo linaudhi, na wapo wanaolizima siku ya kwanza. Afadhali uweke folda moja ya faili zako, uiorodheshe kwenye TRUSTEDPATHS, na faili ulilotumiwa na mtu ulifungue kwanza kwa Notepad ulisome.

Waliotumia AutoCAD LT, toleo la bei nafuu lililotoka 1993, walinyimwa AutoLISP kwa miaka 30. Waliipata katika toleo la 2024. Programu shindani kama BricsCAD nazo zinaielewa, kwa hiyo bikoni.lsp inaweza kuhama nawe.

Ukishazoea, acha kuchora kwa command, uguse michoro yenyewe. Andika (entget (car (entsel))) na ubonyeze mstari wowote. Utaona umbo lake la ndani, na katikati yake vitu kama hivi:

(0 . "LINE") (8 . "UKUTA") (10 2.0 3.0 0.0) (11 7.0 3.0 0.0)

Sifuri ni aina ya kitu, 8 ni leya, 10 ni mwanzo wa mstari na 11 ni mwisho wake. Kwa subst unabadili kimoja, kwa entmod unakirudisha kwenye mchoro: mistari yote ya UKUTA inaweza kuhamia MSINGI kwa kitanzi kifupi. Hapo angalia tahajia, kwa sababu entmod ikikutana na jina la leya isiyokuwepo haikatai, inaiunda. Ukiandika MSIGNI, utakuwa na leya mpya iitwayo MSIGNI.