Bahari Ndani ya Mafaili (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi programu kama ROMS inavyoigawa bahari katika visanduku vidogo na kukokotoa mwendo wa maji katika kila kimoja. Wengi wakishazielewa hesabu hizo huona kazi imekwisha, na habari ya mafaili humwachia fundi wa kompyuta. Nadhani wanakosea. Hesabu ikiharibika, mara nyingi programu hugoma yenyewe. Faili likiwa na kasoro, programu hulipokea na kuendelea, nasi tunaletewa bahari ambayo haipo popote.

Tuanze na yanayoingia. ROMS hudai gridi yenye kina cha bahari, hali ya mwanzo ya maji, hali ya mipakani, na nguvu za anga: upepo, jua, mvua. Karibu yote haya huhifadhiwa kwa muundo wa NetCDF, uliobuniwa Unidata huko Boulder, Marekani, na sifa yake ni kwamba namba husafiri pamoja na jina lake, kipimo chake na wakati wake. Linganisha na MITgcm, programu nyingine ya kukokotoa bahari, ambayo kwa kawaida husoma namba tupu zilizopangwa foleni: ukiandika kila namba kwa baiti 4 na programu ikasubiri 8, itasoma takataka. Lakini lebo nayo si kinga kamili. ROMS huhesabu joto linaloingia baharini kuwa chanya, ilhali baadhi ya hazina za data za anga huhesabu chanya joto linalotoka. Kipimo kilichoandikwa ni kilekile, wati kwa mita ya mraba. Mtu akisahau kugeuza alama, bahari yake itapoa chini ya jua la utosi, na ramani itatoka na rangi za kupendeza.

Yanayotoka yana mtego mjanja zaidi. Maji ya pwani yetu hujaa na kupwa hasa kwa nguvu ya mwezi, kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25. Sasa mtafiti anaiagiza modeli ihifadhi picha moja kila baada ya saa 24. Kila siku picha inalikuta wimbi hilo la kujaa na kupwa limechelewa kwa dakika 50 hivi, na katika faili linaonekana wimbi la polepole linalorudi kila baada ya siku 14.8. Asiyejua atadhani ameona bamvua, au amegundua mkondo mpya. Wastani wa siku nzima ungelififisha wimbi hilo, lakini wastani nao hudanganya: Mkondo wa Somalia huenda kaskazini wakati wa kusi na kugeuka wakati wa kaskazi, hivyo wastani wa mwaka utaonyesha mkondo ambao hakuna nahodha aliyewahi kukutana nao.

Basi tuhifadhi kila kitu, atasema mtu, diski ni rahisi siku hizi. Tupige hesabu. Gridi ya visanduku 400 kwa 300, yenye tabaka 40, ina visanduku milioni 4.8. Joto, chumvi na pande mbili za mkondo, kwa baiti 4 kila namba, ni megabaiti 77 kwa picha moja. Kila saa kwa mwaka, gigabaiti 673. Na gharama si diski peke yake, kwani vichakataji huweza kusimama vikisubiri faili liandikwe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba modeli inaweza kuendeshwa tena. Ni kweli, ikiwa faili la kuanzia tena lipo. ROMS inaweza kuagizwa itunze hali mbili za mwisho tu, ikiziandika kwa zamu, ili umeme ukikatika katikati ya kuandika moja, nyingine ibaki salama. Kwa umeme, hilo linatosha. Lakini kosa linaloota polepole, kama ile alama ya joto, huwa limeshaingia katika hali zote mbili kabla halijaonekana. Ndiyo maana inafaa kuweka kando nakala ya kila mwezi, pamoja na faili la vigezo vilivyotumika siku hiyo.