Chupa ya Dawa ya Mboga na Samaki wa Baharini

Mkulima wa Werugha akisikia habari za bahari huenda akasema, "Hayo ni mambo ya wavuvi." Lakini kabichi na nyanya zetu huteremka kwenda Mombasa, na mvua nayo huteremsha vitu ambavyo hatukuvipeleka sokoni.

Vijito vya milima ya Taita huulisha mto Voi. Mto huo hupita Aruba, katika mbuga ya Tsavo Mashariki, ambako bwawa lilijengwa mwaka 1952, kisha huelekea Kilifi. Mara nyingi ni mchanga mtupu. Mvua kubwa ikinyesha, maji huchukua chupa ya dawa iliyoachwa kando ya mfereji, gunia la mbolea na kipande cha mpira wa kumwagilia. Vingine hukwama njiani, vingine hufika baharini.

Plastiki haiozi kama jani la mgomba. Jua huikausha, mawe na mawimbi huivunja mpaka ikawa chembe zisizoonekana kwa macho. Ndani yake mna kemikali zilizotiwa kiwandani ili iwe laini au isichakae upesi. Hizo huvuja majini, na baadhi yake huvuruga homoni, yaani vile vitu vya mwilini vinavyoamrisha kiumbe kukua na kuzaa. Tena plastiki hunasa sumu iliyokwisha kuwamo majini. Kila mama ajua jinsi bakuli la plastiki lililotiwa samli lilivyo gumu kusafika. Sumu zinazopenda mafuta, kama DDT, huishika plastiki vivyo hivyo.

Samaki mdogo humeza chembe akidhani ni chakula, na mkubwa humla mdogo. Kasa humeza mfuko akiudhania yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini. Katika jaribio la Ufaransa lililotangazwa mwaka 2016, chaza waliokaa miezi miwili katika maji yenye chembe za plastiki walitoa mayai pungufu kwa asilimia 38. Walikuwa ndani ya matangi, si katika bahari wazi. Hata hivyo, mfugaji wa kuku ajua hasara ya mayai kupungua namna hiyo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 28 Agosti 2017. Chupa za dawa hazimo katika marufuku hiyo, nazo ndizo za kuogopwa zaidi huku kwetu, maana masalio ya dawa huwa bado yamo. Dawa nyingi za wadudu huua samaki na kamba hata zikiwa kidogo sana.

Basi chupa ikiisha, papo hapo utie maji safi kiasi cha robo yake, ufunge, utikise nusu dakika, umimine ndani ya pampu unayochanganyia dawa. Fanya hivyo mara tatu. Maji hayo yanyunyizie mboga, wala yasimwagwe kijitoni. Kisha itoboe chupa, mtu asije akaitilia mafuta ya taa au, Mungu apishe mbali, maziwa ya mtoto. Usiichome, kwani moshi wake una sumu.

Ziweke chupa hizo mahali pa kufungwa, mbali na watoto, kisha umwulize mwenye duka la dawa za kilimo kama huzipokea. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inamtaka mtengenezaji naye abebe wajibu wa vyombo vyake. Akikataa, mweleze Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako.