Pigo Fupi la Gofu: Kazi ya Mkono na Kazi ya Chuma

Miongoni mwa mapigo yote ya gofu hakuna linalomfedhehesha mtu mzima mwenye nguvu zake kama lile pigo fupi la kuurusha mpira juu ili uangukie karibu na shimo, ambalo wachezaji wetu wamezoea kuliita pichi. Kwani yule yule ambaye dakika chache kabla ameupeleka mpira mita mia mbili na ushei, akifika mahali ambapo zimebaki mita hamsini tu, na mbele yake pana shimo la mchanga au kidimbwi, aghalabu huchimba ardhi mpira ukabaki miguuni pake, au huupiga tumboni ukatoka kasi chini chini, ukavuka grini, yaani eneo la majani mafupi lenye shimo, na kupotelea vichakani. Wengi hudhani kwamba taksiri hiyo ni ya woga, au ni ya kukosa kipaji. Woga upo, sikatai. Lakini usuli wa jambo ni itikadi, maana mchezaji anaamini neno lisilo kweli kuhusu namna mpira unavyopaa, na mwili wake, kwa utiifu mkubwa, hutenda sawasawa na anavyoamini.

Anaamini kwamba mpira uliolala majanini sharti uinuliwe, na kwamba mwinuaji ni yeye. Basi fimbo inapoukaribia mpira huegemea nyuma, uzito wake wote ukaangukia mguu wa kulia (tukichukulia kwamba anapiga kwa mkono wa kulia), na vilimbili vyake hukunjuka kwa ghafla kana kwamba anachota maji kwa kata. Ilhali fimbo aliyoishika, ambayo ni weji, imekwisha kufanyiwa kazi hiyo kiwandani: uso wa weji ya kawaida umelazwa nyuzi 46 hivi kutoka wima, wa ile ya mchangani nyuzi 54 hadi 58, na wa ile iliyolala zaidi nyuzi 60. Mwinamo huo ndio unaoupandisha mpira. Chuma na mpira hugusana kwa muda wa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mpira huwa umekwisha ondoka kabla habari ya mguso huo haijafika ubongoni kutoka vidoleni, sembuse ubongo kutoa amri na misuli kuitii. Kwa hiyo hakuna mwanadamu, hata awe bingwa wa dunia, anayeweza kuusaidia mpira kupaa katika dakika ile ya kuupiga. Yote yanayowezekana huwa yamekwisha amuliwa kabla, katika namna alivyosimama na njia aliyoipitishia fimbo.

Wataalamu wa fizikia wameeleza kwamba mpira hauondoki kule unakotazama uso wa fimbo, wala kule fimbo inakokwenda, ila hushika njia iliyo baina ya hizo mbili. Mathalan weji ya nyuzi 56, ikifika mpirani huku mpini wake umelala mbele kidogo, hubaki na nyuzi 45 au 50, na mpira huondoka kwa pembe ya nyuzi 30 na kidogo. Kadiri uso na mwendo vinavyopishana ndivyo mpira unavyosuguliwa na kuzungushwa kinyumenyume, mizunguko maelfu kwa dakika. Mzunguko huo ulichunguzwa zamani na Profesa Peter Guthrie Tait wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambaye mwanawe Freddie alikuwa bingwa wa gofu ya ridhaa mwaka 1896 na tena 1898; katika miaka hiyo ya 1890 mzee Tait alionyesha, kwa hesabu na kwa majaribio, kwamba mzunguko wa kinyumenyume huushikilia mpira hewani ukapingana na uzito wake. Katika pichi, ambayo mwendo wake ni wa polepole, faida kubwa ya mzunguko huonekana mpira unapotua, kwani hapo ndipo unaposhika breki. Umande au majani yakiingia kati ya chuma na mpira, msuguano hupungua, na mpira hupaa juu zaidi ya ilivyotazamiwa lakini ukishatua hutembea mbali. Ndiyo maana mchezaji makini hufuta uso wa fimbo yake kila mara.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, mtu akilifahamu barabara amekwisha pata nusu ya ustadi wote. Fimbo huzunguka katika duara, na duara hilo lina kitako chake, yaani mahali lilipo karibu mno na ardhi. Kitako hicho hukaa takriban chini ya bega lililo upande wa shimo. Mtu akiegemea nyuma ili auinue mpira, bega hurudi, na kitako cha duara nacho hurudi kikawa nyuma ya mpira. Hapo fimbo ama hukita ardhini kabla ya kuufikia mpira, ndipo anapochimba, ama huponea chupuchupu, ikaanza kupanda, na ukingo wake ukaupiga mpira tumboni. Makosa mawili ambayo mchezaji huyaona kuwa kinyume, na kila moja hulitafutia dawa yake, ni matawi ya mzizi mmoja. Na anayejitibu kuchimba kwa kujiinua zaidi anajizidishia maradhi.

Dawa yenyewe si ngumu kueleza. Miguu isogeleane kuliko katika pigo refu, mpira uwe katikati ya miguu, na uzito uegemee kidogo mguu wa mbele tangu mwanzo na ukae huko huko mpaka mwisho. Kifua na mikono vigeuke pamoja kwenda na kurudi, hata pigo linapokwisha kifua kiwe kinalitazama shimo. Kwani kifua kikisimama katikati ya safari, mikono hukosa pa kwenda, na ndipo vilimbili vinapojitia kati. Mwendo uwe wa namna moja, usio wa pupa wala wa kusitasita. Dave Pelz, aliyekuwa mwanafizikia wa NASA kabla hajageukia mafunzo ya gofu, aliwafundisha watu kupima umbali kwa kufikiria mkono wa mbele kuwa akrabu ya saa, na kuuinua mpaka saa fulani iliyowekwa badala ya kuongeza nguvu: mwendo ukibaki ule ule, mkono uliopanda juu zaidi hutoa kasi zaidi, na mchezaji hana haja ya kubahatisha.

Chini ya weji mna siri nyingine, nayo watu huidharau kwa kuwa haionekani mtu akisimama mpirani. Kitako cha chuma hicho hakikukatwa bapa. Upande wake wa nyuma umeshuka chini kuliko ukingo wa mbele, hivi kwamba fimbo ikifika ardhini hukwaruza na kuteleza badala ya kuzama. Aliyeipa umbo hilo umaarufu ni Mmarekani Gene Sarazen, ambaye kwa kauli yake mwenyewe alipata fikira hiyo ndani ya ndege, alipoona mkia ukishuka ndipo ndege ipae. Akaongeza risasi nyuma ya fimbo yake, na mwaka 1932 akashinda mashindano ya Open pale Prince's, katika pwani ya Kent. Faida yake kwa mchezaji wa kawaida ni kubwa, kwani kitako hicho humsamehe: hata akigusa ardhi kidogo kabla ya mpira, chuma huteleza kikaufikia. Lakini huyo anayeulaza mpini mbele kupita kiasi, kwa kusikia kwamba mabingwa hufanya hivyo, huuelekeza ukingo mkali ardhini na kuitupa rehema yote aliyoinunua kwa fedha yake.

Ardhi nayo ina hukumu yake. Katika viwanja vya Nairobi, Muthaiga mathalan, majani ni yale yanayojulikana dunia nzima kwa jina la kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ambayo yamesafirishwa hata California, wanakokutana nayo mabingwa katika uwanja wa Riviera, Los Angeles. Mashina yake ni mazito, hutambaa na kusukana. Huubeba mpira ukakaa juu, lakini hukishika chuma shingoni. Mwenye kulegeza mwendo hapo hunaswa, na mwenye kupiga kwa kushuka kwa ukali hupita chini ya mpira wote. Pwani, hususan kaskazi ikishakausha ardhi, mambo hugeuka: kitako kipana hugonga udongo mkavu kikaruka hadi tumboni mwa mpira, na hapo yafaa fimbo yenye kitako chembamba. Kuhusu wepesi wa hewa ya Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya bahari, wageni hujitia wasiwasi bure katika pigo hili. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, na kwa kuwa pichi ya mita hamsini huondoka kwa kasi ya kama theluthi ya pigo refu la kwanza, ukinzani wake ni kama sehemu moja ya tisa tu, hivyo mabadiliko ya hewa hayaonekani sana.

Hata hivyo, kuyajua yote hayo na kuyatenda ni mambo mawili, na hapa sayansi ya mafunzo ina neno la thamani kubwa. Mwaka 1999 mtafiti Gabriele Wulf na wenzake wawili walichapisha jaribio lililofanywa kwa pigo hili hili la pichi. Wanafunzi wasiowahi kucheza gofu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliagizwa kutia nia katika mwendo wa mikono yao, na la pili katika mwendo wa fimbo. Mafunzo yalikuwa mamoja, tofauti ilikuwa ni mahali pa kuweka fikira. Wale wa fimbo walipiga kwa shabaha bora wakati wa mazoezi, na siku ya pili, walipopiga bila kukumbushwa neno, wakaendelea kuwa bora. Utafiti mwingine wa mwaka 2003 ulitoa jibu lililochanganyika, ukaona kwamba wajuzi hufaidika kwa kufikiria shabaha ilhali wasiojua walifanya vema zaidi walipofikiria mwili. Lakini mwaka 2007 Wulf alirudia jambo hilo kwa wanagenzi na kwa wajuzi, na matokeo yakaja upande ule wa kwanza. Inasemekana sababu ni kwamba mtu anayezisimamia kano na misuli yake kwa fikira huingilia kazi ambayo mwili huifanya vizuri zaidi ukiachiwa.

Kwa hiyo naona mkufunzi anayempigia kelele mwanafunzi wake, «Kaza kilimbili! Usikunje kiwiko!», anamfunga kamba kwa nia njema. Afadhali amwambie, «Kwaruza majani pale mbele ya mpira,» kisha wainame wote wawili waitazame alama. Alama njema haina shimo: ni mkwaruzo mwembamba, majani yamenyolewa na mizizi imesalia, nao huanzia pale mpira ulipokuwa au mbele yake kidogo. Ikianzia nyuma, uzito ulirudi. Isipoonekana kabisa na mpira umekwenda chini chini, mtu alijiinua. Ardhi humweleza mwanafunzi kosa lake bila kumlazimu kufikiria kiungo hata kimoja.

Mazoezi yenyewe nayo yana mpango. Watafiti Shea na Morgan walionyesha mwaka 1979 kwamba mwenye kuchanganya kazi mbalimbali hufanya vibaya zaidi wakati wa kujifunza, lakini baadaye hukumbuka zaidi kuliko anayerudia kazi moja mfululizo; basi mipira ishirini ipigwe kwenye shabaha tofauti tofauti, mita 30, kisha 55, kisha 40, na kila mara mtu aondoke mahali pake na kujipanga upya. Wala asijidai makuu: Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyepima mapigo ya mabingwa wa PGA Tour, alikuta kwamba kutoka mita 55 hivi, mpira ukiwa mahali pazuri, mabingwa hao humaliza shimo kwa wastani wa mapigo 2.7. Ikiwa hao, ambao hiyo ndiyo riziki yao, mara nyingi zaidi hutumia matatu, mtumishi wa benki anayecheza Jumamosi hana sababu ya kuvunja fimbo kwa ghadhabu.

Limebaki la afya, nalo si dogo. Taasisi ya Karolinska ya Uswidi, mwaka 2008, ilipitia kumbukumbu za wachezaji gofu zaidi ya 300,000 wa nchi hiyo, ikakuta kwamba idadi ya vifo miongoni mwao ilikuwa pungufu kwa asilimia 40 ikilinganishwa na watu wa umri, jinsia na hali kama zao. Hesabu hiyo peke yake haithibitishi kwamba gofu ndiyo sababu, lakini kutembea kilomita kadhaa kwa raundi moja hakumdhuru mtu. Kinachomtoa mchezaji uwanjani mapema ni mgongo wa chini na kiwiko, na mchotaji wa mpira huviumiza vyote viwili: kila anapokita chuma ardhini mshtuko hupanda kilimbili ukaishia kwenye kano za kiwiko, na kila anapoegemea nyuma huku akizunguka huubana uti wa mgongo kiunoni. Busati la plastiki lililotandikwa juu ya saruji, ambalo baadhi ya viwanja hulitumia kwa mazoezi, huzidisha madhara, kwani chuma kilichogonga nyuma ya mpira huteleza juu yake na mpira ukapaa vizuri, hata mtu asijue kosa lake, ilhali kiwiko kimepokea pigo lote. Afanyie mazoezi kwenye majani kila inapowezekana, auchangamshe mwili kwa kutembea na kugeuza kiuno kabla ya mpira wa kwanza, na maumivu ya kiwiko yanayorudi kila anaposhika kikombe au kufungua kitasa cha mlango asiyafunge kwa kitambaa akaendelea kupiga; aiweke fimbo chini kwa wiki kadhaa na amwone tabibu wa viungo.