Hewa Nyepesi ya Milimani na Damu ya Askari



Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipojipatia uhuru wake, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya taifa na Mwenge wa Uhuru juu ya kilele cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Askari wengi wanaifahamu habari hiyo. Lisilotajwa sana ni kwamba mahali pale kila pumzi huingiza mapafuni karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata mtu aliyesimama ufukweni Dar es Salaam. Kijana mkakamavu aliyejitayarisha aweza kufika huko, akakaa kwa muda mfupi na kuteremka salama. Lakini kuishi katika hewa nyepesi, kulima, kuzaa na kulea watoto, ni jambo jingine kabisa. Wapo binadamu waliolimudu, na baadhi yao hawako mbali nasi.

Katika nchi ya Ethiopia, inayopakana na jirani zetu wa Kenya, milima ya Semien ina vijiji vya wakulima wa Kiamhara vilivyo juu ya mita 3,500. Mwaka 2002 mtaalamu wa Kimarekani, Cynthia Beall, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya kuwapima wanakijiji hao kwa urefu wa mita 3,530. Matokeo yalistaajabisha: damu yao ilibeba oksijeni kama ya watu wa pwani, na kiasi cha hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayochukua oksijeni, kilikuwa kama cha watu wa pwani pia.

Ili tuone ajabu yake, hatuna budi kueleza mwili wa kawaida hufanyaje. Mtu wa bondeni apandapo mlimani, kwanza huhema kwa kasi na moyo hupiga mbio. Kisha figo hutoa amri, na mifupa huongeza chembe nyekundu za damu kwa muda wa majuma. Hatua hii ni ya dharura. Ni sawa na mkuu wa kikosi ambaye, shehena ikipungua, huongeza idadi ya malori katika barabara ile ile nyembamba. Mwanzoni inafaa, malori yakizidi, barabara huziba. Katika milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, wenyeji wengi huishi na damu nzito ya namna hiyo maisha yao yote, na baadhi yao huugua kwa sababu yake. Daktari wa Peru, Carlos Monge, aliueleza ugonjwa huo tangu mwaka 1925.

Watu wa Tibet wameepukana na mtego huo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wengi wao wana namna ya pekee ya jeni iitwayo EPAS1. Jeni ni zile chembe za urithi ambazo mtoto huzipokea kwa wazazi wake, na hii huuzuia mwili usiifanye damu kuwa nzito kupita kiasi. Mwaka 2014 ilibainika kwamba urithi huo ulitoka kwa jamii ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, waitwao Wadenisova, ambao wahenga wa Watibet walichanganyika nao. Waamhara hawakupitia njia hiyo. Jeni zilizoonekana kuhusika kwao ni nyingine.

Muda ndio unaoamua. Waoromo wa milima ya Bale, kusini mwa Ethiopia, walianza kukaa katika nyanda za juu kiasi cha miaka 500 iliyopita, ilhali Waamhara wamekaa juu kwa walau miaka 5,000. Walipopimwa, ilionekana kwamba hemoglobini ya Waoromo hupanda milimani kuliko ya Waamhara. Na isidhaniwe kwamba hapa pana kabila bora na kabila dhaifu. Kilichopo ni hesabu ya vizazi. Tena hesabu hiyo hulipwa kwa uchungu. Huko Tibet, Beall na wenzake waligundua kwamba akina mama ambao kwa urithi damu yao hushika oksijeni zaidi hufiwa na watoto wachache kuliko wenzao. Hivyo ndivyo urithi huo huenea: kwa makaburi ya watoto wa wengine.

Wanyama nao hawakusamehewa. Ng'ombe wa kawaida wakipelekwa malisho ya juu ya Colorado, Marekani, mishipa ya mapafu yao hujikaza, moyo huelemewa, kifua huvimba kwa maji na wengine hufa. Yaki, ng'ombe wa Tibet mwenye manyoya marefu, mishipa yake haijikazi hivyo.

Mapafu ya askari hukumbwa na hatari ya namna hiyo hiyo. Vita vilipozuka kati ya India na China katika Himalaya mwezi wa Oktoba 1962, India iliwapandisha askari wake kwa haraka kutoka nchi tambarare. Vijana wenye afya walianza kukohoa na kutweta hata wakiwa wamelala, mapafu yakajaa maji. Kabla ya miaka hiyo, hali kama hiyo mara nyingi ilidhaniwa kuwa nimonia. Mwaka 1969 madaktari wa jeshi hilo, wakiongozwa na Inder Singh, walitoa taarifa ya askari 1,925 waliougua ugonjwa wa milima. Ukakamavu haukuwa kinga. Tena kijana mwenye nguvu hujihatarisha zaidi, maana hupanda upesi na huona haya kusema kwamba anaumwa. Dawa ya kwanza ya mgonjwa wa aina hiyo ni kumteremsha mara moja, bila kungoja kupambazuke.

India ilichukua hatua mbili. Mwezi wa Novemba 1962 iliunda kikosi cha wakimbizi wa Kitibet, na mwaka 1963 ikaunda kikosi cha wenyeji wa Ladakh, watu waliozaliwa katika hewa hiyo. Kwa askari wengine iliweka utaratibu: siku 6 katika mwinuko wa mita 2,700 hadi 3,600, siku 4 nyingine hadi mita 4,500, na siku 4 tena kwa waendao juu zaidi. Jumla ni siku 14, na askari aliyeteremka kwa likizo ndefu huanza upya.