Aliyetumwa Kusomea Migodi Akachora Vioo

Askari aliye zamu katika barabara ya Kasese kwenda Bwera huyazoea mambo mengi: milima ya Rwenzori iliyojifunika ukungu alfajiri, malori yanayongoja kuvuka mpaka wa Mpondwe, na jua la bondeni lisilo na huruma. Lakini picha iliyochorwa juu ya kioo, isiyoonekana vyema mpaka jua lilelile lipenye ndani yake, ni jambo ambalo wengi wetu hatujapata kulishuhudia.

Mwandishi wa makala haya aliiona picha ya namna hiyo kitabuni, katika maktaba ya chuo kimoja huko Bwera. Koplo mmoja niliyefuatana naye aliitazama kitambo, kisha akauliza, "Afande, hiki ni kitenge au ni kioo?" Swali lake lilikuwa la haki.

Ni kioo. Kimo mjini Addis Ababa, katika Jumba la Afrika la Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa, nacho ni kazi ya Mhabeshi Afewerk Tekle. Madirisha yake ni matatu, na kwa jumla yana eneo la mita za mraba 150. Moja lasimulia huzuni ya Afrika iliyopita, la pili mapambano yake, la tatu tumaini la siku zijazo. Jumba lilifunguliwa mwaka 1961. Miaka miwili baadaye, mwezi Mei 1963, viongozi wa nchi huru za Afrika walikutana humo wakaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Uganda, iliyokuwa huru kwa miezi saba tu, iliwakilishwa na Waziri Mkuu wake, Milton Obote.

Sasa yafaa wasomaji wa Kasese wasikilize kwa makini. Afewerk, aliyezaliwa Ankober mwaka 1932, hakutumwa ng'ambo kusomea uchoraji. Mwaka 1947 alipelekwa Uingereza ili awe mhandisi wa migodi, kwani nchi yake ilikuwa imetoka katika uvamizi wa Italia na ilihitaji mafundi wa kuijenga upya. Walimu wake ndio waliotambua kipaji cha mkono wake wakamhimiza aingie vyuo vya sanaa vya London. Aliporudi nyumbani alichora stempu za posta, na mapato yake yakamwezesha kufungua karakana ndani ya Maktaba ya Taifa.

Mzee wa Kilembe angeweza kusema kwamba kijana yule hakuiacha migodi kabisa. Rangi ya kioo hutoka ardhini. Kobalti kidogo sana hukipa kioo buluu iliyokolea; shaba hutoa kijani, na ikichomwa kwa namna nyingine hutoa wekundu. Madini hayo mawili ndiyo ya Kasese. Reli ilifika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, iliyosafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Mabaki yenye kobalti yakarundikwa Kasese miaka mingi, mvua ikayaosha na kupeleka asidi mbugani, hata kuanzia mwaka 1999 kiwanda kikayachenjua kwa msaada wa bakteria. Kazi hiyo nayo imekwisha. Sidai kwamba chembe ya Kasese imo katika madirisha ya Addis Ababa. Nasema tu kwamba mengi ya yaliyochimbwa hapa yalikwenda zake, na mtoto wa Kasese hakuonyeshwa yaligeuka kuwa nini.

Kwa kawaida fundi huchora kwanza mfano kwenye karatasi yenye ukubwa wa dirisha lenyewe, ndipo akate vioo vya rangi kuufuata. Nyuso, vidole na mikunjo ya nguo huzipaka kwa unga wa kioo uliochanganywa na oksidi ya chuma. Vipande huingia tanurini, kwenye joto la nyuzi mia sita na zaidi, mpaka wino uwe mwili mmoja na kioo. Mwisho huunganishwa kwa vipande vya risasi. Naam, risasi ileile tuijuayo sisi, ila hapa inashika badala ya kupasua.

Kioo ni dhaifu, na vita havijui sanaa. Wafaransa walilifahamu hilo: mwaka 1939 waliyang'oa madirisha ya kale ya kanisa kuu la Chartres, wakayaficha, wakayarudisha baada ya vita. Jumba la Afrika nalo lilikarabatiwa, madirisha yake pamoja, likafunguliwa upya Oktoba 2024.

Hapa Bwera hatuwezi kuzungumzia madirisha ya shule bila kukumbuka usiku wa 16 Juni 2023, waasi walipoivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Baada ya usiku ule, kumwambia mzazi wa mpakani habari za vioo vya rangi kunahitaji ulimi mzito. Yeye ataka kwanza mlinzi langoni, na ni haki yake.

Hata hivyo maktabani siku ile wanachuo walikuwa wakisoma, madirisha wazi. Koplo aliuliza kama chuo kingeweza kupata kioo cha namna ile, hata kimoja. Nilimjibu kwamba mafundi wa kioo wapo Afrika Mashariki. Fedha ndiyo swali. Tulipoondoka alikiacha kitabu mezani, ukurasa uleule ukiwa wazi.